Moja Pointi Nane

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa kabla ya siku zake, na kwa wiki kadhaa nilimjua kwa namba tu. Mimi nilikuwa huku juu Mgeta na kabichi zangu. Yeye na mama yake walikuwa chini mjini Morogoro, hospitali, kwenye wodi ya watoto njiti. Kila asubuhi mtoto akishapimwa uzito, mke wangu alinitumia ujumbe wa simu, na ujumbe wenyewe haukuwa na salamu wala maelezo. Ilikuwa namba, basi. 1.65. Kesho yake 1.68. Mke wangu ni mtu wa maneno machache hata akiwa na furaha, na simu yake ya batani ilikuwa inaishi kwa kuomba chaji, maana kina mama wodini ni wengi na soketi ni moja.

Daktari alikuwa ameshatueleza: mtoto akifika kilo mbili, ananyonya vizuri, hana homa, mnakwenda nyumbani. Siku za mwanzo alipungua, wakatuambia ndivyo watoto wote wanavyofanya, tusihofu. Tusihofu vipi? Nilimwona mara moja kabla sijapanda mlima, amelazwa kifuani kwa mama yake ngozi kwa ngozi, kanga imewafunga pamoja, kimetokeza kichwa tu. Kichwa kile kilikuwa kidogo kuliko ngumi yangu, na mimi sina ngumi kubwa. Niliporudi shambani sikuweza kuikunja ngumi bila kumfikiria.

Utaniuliza kwa nini sikubaki naye. Wodi ile baba halali, na kabichi ikishafunga haina adabu, haisubiri mtu, inapasuka. Halafu shamba si langu. Mimi nimezaliwa Dumila, pale penye njia panda, ardhi tambarare, mtu unatembea umenyooka kama binadamu. Huku Uluguru nimekuja kuoa. Kwa Waluguru ardhi inafuata upande wa mama, na mtoto naye anafuata ukoo wa mama yake, kwa hiyo ninalima matuta ya ngazi ya mama mkwe wangu, mlima umesimama wima kiasi kwamba ukidondosha kiazi unakikuta kwa jirani. Nimelalamikia mlima ule tangu siku ya kwanza na bado ninalalamika.

Mama mkwe wangu ni mwembamba, mnyamavu, mkali kwa macho tu. Mkwe na mkwewe huku wanaheshimiana kwa mbali, hamtaniani, hambishani, na hata kula hamli sahani moja. Lakini zile wiki namba ilituleta karibu. Kila asubuhi nilikuwa nikishuka hadi kwenye jiko lake, nasimama nje, nasema, "Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Wameamkaje huko?"

Nami ninasoma. "Moja pointi sitini na nane." Anatikisa kichwa taratibu, anarudia midomo ikicheza, kisha anaendelea na moto wake. Kesho yake, "Moja pointi sabini na moja." Anatikisa kichwa tena. Sabini na moja ni nyingi kuliko sitini na nane, hilo kila mtu analijua, na sisi tulikuwa tunapanda hivyo, siku kwa siku, bila shida yoyote. Nilisoma hadi darasa la saba, na desimali nilifundishwa, nisimsingizie mwalimu. Ila nilizipita kama basi la moja kwa moja linavyopita vituo vidogo: niliona vibao, sikushuka.

Siku ilipofika 1.75 mama mkwe alichinja kuku. Hakusema kwa nini. Alinitumia paja kwenye bakuli lililofunikwa, na mimi nikala nimekaa juu ya jiwe la mpaka, nikiangalia ukungu unapanda kutoka bondeni, nimejaa matumaini. Sabini na tano. Nilijiambia imebaki ishirini na tano tu tufike mia, na mia ndiyo kilo mbili. Kumbe hapo nilikuwa sahihi kabisa bila kujua kwa nini.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa nakata kabichi za kupakia simu ilipolia mfukoni. Nikafuta mikono. Nikafungua. 1.8.

Nilisoma tena. Nikakipangusa kioo kwenye suruali nikasoma mara ya tatu, maana nilidhani kuna namba nyingine imejificha pembeni. Hakuna. Moja pointi nane. Jana sabini na tano, leo nane. Mimi ni mtu wa kuhesabu matenga: ukilala na matenga sabini na tano ukaamka na manane, wewe umeibiwa, hakuna mjadala. Nilipiga simu. Yule dada wa mtandao akaniambia kwa sauti yake tamu kwamba namba ninayopiga haipatikani. Nilipiga tena na tena hadi nikamtukana, yeye ambaye hana kosa na wala si mtu. Nikakaa chini katikati ya kabichi.

Kumwambia mama mkwe ndiko kulikonitisha zaidi. Nilisimama pale pale nje ya jiko. Sikuanza na shikamoo, na yeye alipoona sikuanza na shikamoo akaweka mwiko chini.

"Mama, ameshuka."

"Ameshuka kiasi gani?"

"Jana ilikuwa sabini na tano. Leo ni nane."

Hakulia. Nilitegemea kilio, nikawa nimejiandaa kukipokea, lakini hakulia. Alisimama, akafungua kitenge chake kiunoni, akakifunga upya kwa nguvu, akasema, "Kamwite katekista. Tukambatize kabla hajaondoka."

Mkatoliki wa milimani ataelewa. Mtoto akiwa katika hatari ya kufa hamsubiri padri, wala hamsubiri Jumapili wala nguo nyeupe. Yeyote anaweza kumbatiza, mradi kuna maji na maneno yake. Lakini mama mkwe alitaka katekista, mtu anayejua, asije akakosea mtu neno moja mtoto akaenda hivi hivi. Katekista wetu ni jirani, mzee mpole ambaye shughuli yake kubwa ni vitunguu saumu. Alikuja na kofia mkononi na chupa ya maji ya baraka ndani ya mfuko wa koti. Aliponiona alinishika bega tu, na mimi mkono ule niliuona mzito kuliko gunia.

Lori la mboga lilikuwa linapakia pale kwenye mnada wa chini, linaelekea Dar kupitia Morogoro. Dereva aliposikia aliwashusha abiria wake wa mbele bila kuulizwa mara mbili, akawapandisha mama mkwe na katekista. Mimi nikapanda juu ya mzigo. Mama mkwe alikuwa na kapu la viazi. Nilimwuliza viazi vya nini sasa, mama, na hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwuliza swali la namna hiyo. Akanijibu bila kunitazama, "Hata msibani watu wanakula."

Safari ile sitaki kuieleza sana. Kona baada ya kona, karoti chini yangu, jua limetoka zuri kana kwamba halina habari. Nilimkasirikia daktari. Nilimkasirikia mke wangu kwa ule ukimya wake, mtu mtoto wako anakufa unaandika namba mbili na nukta. Nilijikasirikia mwenyewe kwa kubaki na kabichi. Nilianza kufikiria atazikwa wapi, upande wa kwao bila shaka, na nikaona aibu kwamba tayari nafikiria hilo. Mtoto mwenyewe hata jina hatukuwa tumempa. Huku tulikuwa tunasubiri kwanza tuone kama atakaa.

Tulifika saa ya kuona wagonjwa. Wodi ya njiti haipokei ukoo, kwa hiyo mlangoni tulizuiwa na nesi mmoja wa makamo, mwenye hijabu nyeupe iliyopigwa pasi, mtu wa Tanga kwa lafudhi yake.

"Shikamoo mama," alimwambia mama mkwe. "Mmekuja kumwona nani?"

"Marahaba mwanangu. Tumekuja kumbatiza mjukuu wangu. Tupishe, tafadhali, hatutakawia."

Nesi akatazama chupa iliyokuwa tayari mkononi mwa katekista. "Kumbatiza leo? Kwa maji hayo?"

"Kabla hajakata roho."

"Nani anakata roho?"

Nesi akatutazama mmoja mmoja, akaishia kwangu, nami nikatazama viatu vyangu vyenye matope ya Mgeta. Hapo akalainika sauti, lakini mlangoni hakutoka. "Mama yangu, mimi dini yenu siijui vizuri, sitaki kuingilia. Lakini baridi naijua. Mtoto wa uzito huu ukimmwagia maji kichwani, mimi na wewe tutakesha naye. Ngoja nimwite mama yake."

Mke wangu akatoka. Alikuja anatembea polepole, kanga imemfunga kifuani na kile kichwa kimetokeza chini ya kidevu chake, kina kofia ya sufu. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyelala vizuri. Alikuwa anatafuna muwa.

"Jamani," alisema. "Mmefuata nini wote?"

Nilitoa simu nikamwonyesha ujumbe wake mwenyewe. Akasoma, akanitazama, akasoma tena.

"Si nimekwambia amepanda?"

"Hujasema amepanda. Umesema pointi nane."

"Ndiyo. Jana pointi saba tano, leo pointi nane. Amepanda."

"Sabini na tano kwenda nane ni kupanda?" Sauti ilinitoka kubwa, nikasahau mahali nilipo. Mtoto akashtuka ndani ya kanga, mkono mdogo ukachomoza ukarudi. Alikuwa hai. Nilikuwa nimeuona ule mkono na bado nabisha, ndivyo kichwa changu kilivyo.

Nesi ndiye aliyeelewa kwanza. Nilimwona anaelewa, akauma mdomo asicheke, na namshukuru hadi leo kwamba hakucheka. "Baba," akaniambia, "huko kwenu mnapimaje viazi? Si robo, nusu, robo tatu? Jana mtoto alikuwa kilo moja na robo tatu kamili. Leo ameivuka robo tatu."

Mimi hilo lilinigusa, robo tatu naijua. Lakini mama mkwe alikuwa bado amekunja uso. "Mwanangu, nisamehe, mimi sikusoma. Sabini na tano ni nyingi. Nane ni chache. Tumeziacha wapi nyingine?"

Nesi akafungua mdomo, lakini mke wangu akamtangulia. "Mama, hapo kwenye kapu kuna nini?"

"Viazi."

"Twendeni kule kwenye benchi."

Tukaenda kwenye kibanda ambako ndugu wa wagonjwa hupikia. Mke wangu akakaa wima kwa sababu ya mtoto, hawezi kuinama, akawa ananiamuru mimi kama nyapara. Chagua viazi vya saizi moja. Si hicho, hicho kikubwa. Panga kumi. Nikapanga kumi juu ya benchi. Ukiviweka kwenye mizani, akasema, hivi kumi ni kilo moja, au karibu. Mama mkwe akavinyanyua kwa macho, mkulima hahitaji mizani kwa hilo, akakubali.

"Sasa. Mtoto ana kilo moja nzima, hiyo iacheni pembeni, hiyo haijaguswa. Tunaangalia ya pili, hii anayoijaza. Kinachokaa mara tu baada ya nukta ni viazi vizima. Basi. Jana alikuwa na viazi saba." Akanitazama. "Tenga saba." Nikatenga saba. "Sasa chukua cha nane ukikate vipande kumi."

Katekista alikuwa na kisu cha mfukoni. Nikakata, vipande havikulingana, mke wangu akasema haidhuru.

"Ile tano ya nyuma ni hivi. Vipande vitano. Si viazi, mama. Ni vipande vya kiazi. Jana viazi saba na vipande vitano, kwa hiyo tunasema saba, tano. Kila namba ina kiti chake."

Nilikuwa nimeinama juu ya benchi lile, na nakwambia kweli, kitu kilifunguka kichwani mwangu kilichokuwa kimefungwa tangu utoto. Sabini na tano yangu haikuwepo. Haikuwahi kuwepo. Nilikuwa nimechukua viazi na vipande nikavihesabu pamoja kana kwamba ni vitu vya aina moja, kama mtu anayehesabu ng'ombe na kupe wao akasema ana mifugo mia.

Mama mkwe alikuwa mbele yangu kwa hatua moja. Alinyoosha mkono, akachukua vile vipande vitano vilivyobaki, akavisogeza kimoja kimoja hadi kiazi cha nane kikawa kizima tena, kimejaa, kina nyufa tu. Akakisukuma na kidole kikaungana na wenzake saba.

"Kwa hiyo ile nane ni viazi vinane."

"Vizima, mama."

"Na nyuma yake hakuna vipande."

"Hakuna. Nesi kwenye kadi ameandika nane na sifuri, kiti cha vipande kiko wazi. Mimi sifuri niliiacha, nilijua itaeleweka."

"Basi amemaliza kiazi," mama mkwe akasema.

"Amemaliza kiazi, mama."

Katekista akafunga chupa yake, akaitia mfukoni, akavaa kofia. Halafu akaanza kucheka, kicheko cha chini chini cha mzee, na mimi nikashikwa, nikacheka hadi machozi, na sijui yalikuwa ya nini yale machozi, yalikuwa ya kila kitu. Watu wa kibandani walitutazama, watu wanaocheka kwenye viazi. Nesi alikuwa amesimama kizingitini amejishika mdomo. Nilijisikia mwepesi, ungenipuliza ningeruka mpaka Mazimbu.

Mama mkwe peke yake hakucheka. Alikuwa amekaa, mikono magotini, anaviangalia vile viazi vinane. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi kwa miaka yote ile sikujua kwamba mama huyu aliumwa.

"Wa kwangu wa kwanza alikuwa hivi hivi," alisema. Alimwambia binti yake, si sisi. "Kabla yako wewe. Tulimweka kwenye pamba, karibu na moto. Nilikuwa namtazama kutwa. Leo nasema amenenepa, kesho nasema amekonda. Hakuna aliyempima. Sikujua kama anapanda au anashuka. Asubuhi moja nikaamka, yeye hakuamka. Hata maji hakupata."

Mke wangu aliacha kutafuna. Ni mtoto wake wa kuzaa na alikuwa hajawahi kusikia habari hiyo. Alianza kufungua fundo la kanga mgongoni, akamwita nesi kwa macho, akauliza kama bibi anaruhusiwa.

"Bibi anaruhusiwa sana," nesi alisema. "Anawe kwanza, hadi viwikoni. Halafu aje ndani, huku nje kuna upepo."

Mimi na katekista tuliwaona kupitia dirishani. Mama mkwe wangu, ambaye sijawahi kumwona bila kitenge cha kujitanda mabegani, alikaa kwenye kitanda cha binti yake, nesi akamfungulia vifungo, wakamweka mtoto kifuani pake na kumfunga. Niligeuka, kwa heshima. Nilimsikia tu akimwuliza nesi sasa hivi ni ngapi, na nesi akamjibu kwamba wanapima asubuhi, mama, mara moja kwa siku.

"Basi nitaisubiri asubuhi," alisema.

Alikataa kurudi nasi. Alisema binti anahitaji mtu wa kupokezana naye, na ilikuwa kweli. Katekista na mimi tulipata gari la jioni la kurudi mlimani, na njiani alinimalizia mahubiri yote ya msimu kuhusu vitunguu saumu, nami nikasikiliza kwa furaha kila neno. Mtoto yule alifika kilo mbili, akazipita, tukapanda naye, akabatizwa Jumapili kanisani akiwa na nguo nyeupe na mashavu, akilia hadi padri akasitasita. Ila hayo yalikuja baadaye.

Asubuhi ile iliyofuata nilikuwa shambani mapema. Kabichi zilikuwa zimeanza kupasuka na sikujali. Simu haikuleta ujumbe, ililia. Nikapokea. Ilikuwa sauti ya mama mkwe wangu, ambaye hajawahi kunipigia simu maishani, akiongea kwa nguvu kama watu wanaodhani sauti inapaswa kuupanda mlima yenyewe.

"Baba. Viazi vinane na vipande vinne."

Nilimsikia anapumua. Nilimsikia anajaribu kusema neno lingine, likashindikana, akaanza kulia, kilio kile nilichokuwa nimejiandaa kukipokea jana yake, kirefu, na nyuma yake nikasikia mtoto naye analia njaa, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyekata simu.